Vipimo Vyekundu vya Norlida

Norlida binti Masduki alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoandika jina lake chini ya mchoro kwa mara ya kwanza. Si kwamba alikuwa hajui kuchora. Miaka ishirini na sita alikuwa akichora majiko, mabafu, vyumba vya kulala na makabati ya viatu, na nusu ya fleti kuukuu za Toa Payoh, Singapuri, zilikuwa zimepita chini ya penseli yake. Lakini alichora kwa mwajiri, na kule pembeni mwa karatasi, mahali pa jina, mwajiri alijaza la kwake. Wenye nyumba walipokuja kushukuru walimpa mkono mwajiri, naye Norlida akaulizwa kama chai iko tayari.

Hiyo chai ndiyo iliyomchoma. "Chai nitawapikia," alimwambia dada yake siku aliyoacha kazi, "ila iwe nyumbani kwangu, na niwe nimependa mwenyewe."

Alizaliwa wa tano kati ya saba, katika fleti ya kupanga yenye chumba kimoja, ambamo kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Meza ilikuwa kitanda, na kabati lilikuwa ukuta baina ya wavulana na wasichana. Wengine husomea chuoni namna ya kupanga nyumba. Norlida alisomea pale, kwa kulihamisha kabati la mama yake kila Ijumaa, mpaka mama akaapa atalipigilia misumari sakafuni. Basi msimwonee huruma. Mwanamke yule alijua kazi, na alijua kuwa anaijua.

Nyumba yake ya kwanza ilimjia kwa Anti Tay Gek Hoon, muuza supu ya tambi na kababu za samaki. Norlida hakuwahi kuionja supu hiyo, maana ilitiwa mafuta ya nguruwe, lakini kahawa yake ya asubuhi aliinunua kibanda cha pili, na kwa miaka kumi na tano wawili hao walikuwa wakirushiana maneno juu ya sufuria. Anti Gek Hoon alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akikaa kwa wanawe, miezi minne kwa huyu, minne kwa yule, na nguo zake hazikuwahi kutoka zote kwenye begi. Siku moja akauza kibanda, akanunua fleti ya vyumba viwili ghorofa ya saba, jengo la mwaka sabini na nne, na jioni yake akampigia Norlida simu.

"Nasikia umemwacha bosi wako."

"Nimemwacha, Anti."

"Vizuri. Nami nimewaacha wanangu. Njoo uione nyumba yangu. Inanuka kama kibiriti."

Kweli ilinuka. Mwenye nyumba aliyetangulia alivuta sigara humo miaka arobaini, na dari ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Vigae vidogo vya kijani vya jikoni vilikuwa vimebanduka hapa na pale, madirisha ya vioo vya mkunjo yalikwama, na karibu na tundu la taka ukutani mende walikuwa wamejenga ukoo. Norlida alizunguka, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akafungua na kufunga milango miwili ya zamani ya mbao nzito, akaipapasa.

"Hii hatuitupi," akasema.

"Imekufa hiyo."

"Imevimba tu, Anti. Mbao kama hii leo uitafute wapi? Iweke chumbani, nitaiwazia."

Anti Gek Hoon alikuwa na sharti moja tu. Rangi alimwachia, mpangilio alimwachia, hata ukuta wa kati ya jiko na sebule alikubali ubomolewe kibali kilipotoka. Lakini vipimo vyote viwe vyekundu. Tepu za mafundi wa Singapuri zina mistari miwili ya maandishi ya Kichina, mmoja juu ya namba na mmoja chini yake, na kila baada ya vidole viwili vitatu rangi hubadilika. Nyekundu ni heri, nyeusi ni nuksi. Upana wa mlango, urefu wa kitanda, kina cha kabati, vyote viishie pekundu, la sivyo mwenye nyumba halali.

"Anti, unamfundisha samaki kuogelea?" Norlida alisema. Alikuwa amewachorea Wachina maelfu ya vipimo vyekundu.

Na hapo ndipo palipokuwa na shimo. Kule kazini kulikuwa na karani mzee aliyeipitia michoro yote kabla haijatoka, akapunguza sentimita hapa, akaongeza hapa, na Norlida siku zote alidhani ni wasiwasi wa uzee. Kichina hakujua kukisoma. Aliangalia rangi tu. Kuuliza si ujinga, twasema, lakini mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na sita huona haya kuuliza kitu anachodhaniwa kukijua tangu mwaka wa kwanza. Kwa nini mistari ni miwili? Alijijibu mwenyewe, na jibu lake lilikuwa la akili kabisa: wa juu ni wa walio juu, na wa chini ni wetu sisi tunaokanyaga ardhi. Basi meza ya mizimu, ambayo ingewekwa kibao cha jina la marehemu mume wa Anti, akaipima kwa mstari wa juu. Nyumba nzima iliyobaki akaipima kwa mstari wa chini. Akaandika jina lake pembeni, Norlida binti Masduki, herufi zote, akalitazama kitambo.

Kazi ilienda wiki saba. Anti Gek Hoon alikuja kila siku na kigoda chake cha plastiki, akakaa katikati ya kifusi.

"Anti, vumbi hilo."

"Nimekula moshi miaka arobaini. Vumbi lako ni poda."

Ukuta ukaanguka, na mwanga wa asubuhi ukaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu jengo lisimame. Norlida aliviokoa vigae vya kijani vilivyokuwa vizima, akaviosha kimoja kimoja, akavipanga upya viwe kama mkeka chini ya meza ya kulia, na kulikobaki akaweka vigae vya kijivu. Kaunta ya jiko aliishusha, kwa kuwa Anti alikuwa mfupi na maisha yake yote alikuwa amekatia samaki kwenye meza iliyotengenezewa mwanaume. Siku ile kaunta ilipofungwa, Anti aliweka viganja juu yake, viwiko vikakunjika vizuri, mabega yakashuka.  Norlida alitoka nje kidogo, akapangusa macho, akarudi kuwafokea mafundi wa umeme.

Makabati yalikatwa nchi ya jirani, Johor, kulingana na mchoro, yakaja kwa lori yakafungwa. Ikabaki meza ya mizimu tu, ambayo haikatwi kwa mashine. Ilikuwa kazi ya Anko Koh Liak Teng, seremala wa miaka sitini na minane, mtu mkali, mwenye kidole gumba kisichokuwa na kucha. Alikuja siku ya Ijumaa. Anti alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Siku ya kuhamia ilikuwa Alhamisi iliyofuata, tarehe iliyochaguliwa kwenye kalenda ya heri, na baada yake ulikuwa ukiingia mwezi wa mizimu, ambamo mtu haingii nyumba mpya hata kwa bakora.

Anko Liak alisoma mchoro, akavuta tepu yake, akasoma mchoro tena. Akainuka akapima kabati la nguo. Akapima kitanda. Akapima mlango wa chumba. Kisha akaketi juu ya sanduku lake la vifaa.

"Lida. Nani alikupa vipimo hivi?"

"Mimi mwenyewe. Vyote vyekundu, Anko. Angalia."

"Vyekundu, naona. Mstari wa chini."

"Ndiyo."

"Mstari wa chini ni wa wafu," Anko Liak alisema. "Makaburi, meza za mizimu, vibao vya marehemu. Wa juu ndio wa walio hai. Wewe umegeuza. Marehemu umemjengea nyumba ya kuishi, na muuza kababu umemjengea kaburi."

Norlida alicheka, akidhani ni mzaha. Anko Liak hakucheka. Akamwonyesha kwenye tepu, namba kwa namba. Kitanda: mstari wa juu, cheusi. Kabati: cheusi. Mlango: cheusi tii, tena neno lenyewe lilisomeka maradhi. 

"Vipo vingapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kumi na saba, na milango miwili." Mzee akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza. Yule mama hajui kusoma, hakwenda shule. Anatafuta wekundu, na wekundu upo. Mimi mdomo wangu nimeufunga. Meza nitaipima vizuri, Alhamisi ataingia, atafurahi, basi. Kitanda ni kitanda."

Alikuwa akimpa njia, na ilikuwa njia pana. Norlida alisimama katikati ya ile sebule nzuri. Hakuziamini nuksi za Wachina, wala dini yake haikumruhusu aziamini. Nyumba ilikuwa imara, bawaba zote zilifunga bila kelele. Ila mchoro ulikuwa mezani, na pembeni mwake lilikuwapo lile jina. Miaka ishirini na sita aliwaza kwamba siku atakapoliandika, liwe jina ambalo mtu akiliona alale usingizi. Sasa angekuwa na mteja anayelala kwa sababu tu hajui kusoma. Aliona aibu, kisha akaona hasira, na zote mbili zilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

Alimkuta Anti Gek Hoon kwenye benchi nje ya zahanati, shavu limevimba, pamba mdomoni. Norlida hakuketi. Alimweleza yote akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu: mstari wa juu, mstari wa chini, kitanda, milango, vyote. Anti alitoa pamba ile mdomoni ili aweze kugombana vizuri.

"Umenizika!"

"Nimekosea, Anti."

"Nimekupa ufunguo wangu, nyumba ya kwanza maishani mwangu, ukanizika na viatu miguuni! Miaka ishirini na sita ulikuwa unasoma nini?"

"Nilisoma rangi. Maandishi sikuyasoma, na sikuuliza."

"Hukuuliza! Mimi nilikuwa nimekaa pale kila siku kwenye kigoda, nakutazama, hukuuliza!" Watu wa zahanati walichungulia dirishani. Anti akatema damu kidogo kwenye karatasi, akamkazia macho. "Nani mwingine anajua?"

"Anko Liak tu."

"Na Liak, yule mbuzi mzee, lazima alikwambia unyamaze."

Norlida akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Sasa wewe Mmalay, nuksi zetu zinakuhusu nini? Si ungeniacha tu?"

"Nuksi hazinihusu, Anti. Uliniomba kitu kimoja katika nyumba nzima. Kimoja tu. Nikaandika jina langu nikisema nimekifanya, na sikukifanya."

Anti Gek Hoon alirudisha pamba mahali pake. Akafikiri, au pengine jino lilimuuma. Kisha akasema, maneno yakipita kando ya pamba: "Alhamisi naingia. Ikiwa nyekundu, sawa. Ikiwa nyeusi, narudi na begi langu kwa mwanangu, na nitapita sokoni kibanda kwa kibanda. Unaujua mdomo wangu."

"Naujua."

"Hata huu ulioumia."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini ni lazima mhunzi awe na koleo jingine karibu. Norlida hakuwa na siku za kukata makabati mapya. Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni na Anko Liak, ambaye alinung'unika tangu lifti hadi ndani, na bado akaja. Wakapima upya kila kitu kwa mstari wa juu, Anko akisoma, Norlida akiandika. Ndipo alipoona kitu kilichomrudishia pumzi. Tofauti zilikuwa ndogo. Hapa ilipungua nusu sentimita, pale mbili, kule moja na robo. Katika vipimo vya heri vya Wachina hupimwa uwazi wa ndani wa mlango na ukingo wa mwisho wa kabati. Ukiongeza ukanda mwembamba wa mbao pembezoni, kipimo kinasogea, cheusi kinakuwa chekundu.

"Ukanda wa mbao gani?" Anko Liak akauliza. "Plaiwudi itaonekana kama plasta juu ya kidonda."

Norlida alikwishaingia chumbani. Akatoka akiburuta mlango mmoja wa zamani.

Waliipasua milango yote miwili ya zamani. Ndani ya ile rangi chafu mbao ilikuwa nyekundu iliyokoza, kavu, iliyonyooka, isiyo na tundu la mdudu hata moja. Anko Liak aliinusa, akafunga macho, na tangu hapo hakunung'unika tena. Yeye alikata na kupiga randa, na Norlida alipiga msasa, kanda baada ya kanda, mpaka ncha za vidole zikawa laini hazishiki hata karatasi. Kitanda hakikukubali kuongezwa, ikabidi kipunguzwe sentimita moja na nusu upande wa miguu. Meza ya mizimu ikatengenezwa upya kabisa, kwa mstari wake wa chini. Jumatatu Anti Gek Hoon akatokea na kigoda chake, shavu limepungua, na tepu yake mwenyewe shingoni.

"Leo nauliza mimi," akasema. "Juu ni upi?"

"Huu, Anti."

"Haya, sema kipimo, mimi nitazame rangi."

Kuanzia hapo kila ukanda ulioshikwa na gundi ulipimwa na yeye, akipaza sauti hadi nje ya mlango: "Nyekundu!" Majirani walidhani kuna mchezo wa bahati nasibu. Mara moja aliita "Nyeusi!" Norlida akaruka karibu aangushe kopo la gundi, kumbe bibi anacheka mpaka machozi.

"Nilitaka kuona kama bado una moyo."

"Ninao, Anti. Uliobaki."

Jumatano saa kumi jioni ukanda wa mwisho ulikauka. Norlida alifagia, akasimama mlangoni. Makabati meupe yote yalikuwa na mpaka mwembamba wa mbao nyekundu, kama kanga iliyopindwa vizuri, na mpaka huohuo ulizunguka milango, ukafika jikoni. Hakuna mbunifu ambaye angelipanga hilo kwenye karatasi. Ilikuwa nzuri kuliko mchoro wake, na alikuwa mkweli wa kutosha kujiambia hivyo. Akaona fahari, fahari ya kifua kizima, ile ambayo mtu huona haya kuionyesha mbele za watu, na kwa kuwa hakukuwa na watu, akaiacha imtawale.

Alhamisi Anti Gek Hoon aliingia kwa kuviringisha nanasi sebuleni, kama desturi ya kuita bahati, akapiga kelele za heri, akachemsha maji kwenye jiko jipya. Wanawe wote wawili walikuja na wake zao, wakashangaa. Akaja pia dada mkubwa wa Anti, Gek Lian, mwanamke wa miaka themanini aliyekuwa mwalimu wa Kichina, aliyesoma kila mstari wa kila kitu maishani mwake. Gek Lian alivaa miwani, akatoa tepu, akaanza mlangoni.  Norlida aliegemea ukuta akiwa amekumbatia sanduku la keki aliloleta, na Anko Liak akajifanya anakagua bawaba.

Bibi yule alipima milango. Alipima kabati, kaunta, kitanda, urefu, upana, kimo. Alichukua karibu nusu saa. Akafika meza ya mizimu, akageuza tepu, akasoma mstari wa chini, akarudisha miwani mfukoni.

"Nani aliyepima nyumba hii?"

"Yule pale," Anti Gek Hoon alisema, akinyoosha kidole. "Norlida. Mara ya kwanza alinipimia kaburi. Akaja kuniambia mwenyewe, nina pamba mdomoni."

Wakwe walishtuka. Gek Lian alimtazama Norlida kwa muda mrefu kutoka chini hadi juu, kisha akamsogezea kiti chake mwenyewe. Anti akammiminia chai, akampa mkononi, mbele ya watu wote. Katika chai zote zilizopikwa kwenye nyumba alizochora Norlida, hiyo ndiyo ya kwanza aliyonyweshwa yeye.

Watu walipoanza kula, Anti Gek Hoon alimvuta mkono mpaka mbele ya meza ya mizimu. Kibao cha mumewe kilikuwa kimesimama upande wa kushoto, uvumba unafuka. Upande wa kulia palikuwa patupu.

"Hapa umeacha nafasi."

"Ndiyo, Anti."

"Ya nini?"

"Ya... maua."

"Lida. Ijumaa hukunidanganya, leo ndiyo unaanza?"

 Norlida aliiacha nafasi hiyo tangu mchoro wa kwanza, kwa sababu mchoraji mzuri huiwazia nyumba mpaka mwisho wake, na alikuwa ameomba isiulizwe.

"Ya kibao chako, Anti. Kando ya mumeo."

"Umepima mstari upi?"

"Wa chini."

"Rangi?"

"Nyekundu."

Anti Gek Hoon alitandaza kiganja pale patupu, akapima kwa vidole vyake vilivyoviringisha kababu miaka arobaini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Panatosha," akasema. "Siku hiyo ikifika, wasimwite mtu mwingine. Utakuja kunipima wewe."

Kisha akamgeuza kwa mabega, akamsukuma kuelekea jikoni. "Sasa twende. Kuna samaki nimekupikia kwa sufuria mpya kabisa, haijaona nguruwe. Na mimi bado nina miaka ishirini ya kukaa humu."